Mikono Niliyoificha Ndani ya Khanga

Jumapili, Korogwe. Jua limewaka tangu asubuhi bila huruma, na mawingu ya masika tunayoyasubiri yamekaa kule juu ya milima ya Usambara yanatuchungulia tu. Nyumba iko kimya. Nimekaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza kitandani, na ninaandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia kwa sababu vingine leo vimegoma.

Wale wachache mnaopita kwenye blogu hii kutafuta maswali ya Jiografia ya kidato cha pili, leo hakuna. Leo naandika ya kwangu, na sijui hata naandika kwa ajili ya nani.

Jana nilikataa kumpokea mtoto wa mdogo wangu.

Nimeiandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaiandika tena. Ibaki hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa na watu wote waliokuwepo waliona.

Zaina ndiye ndugu yangu pekee wa tumbo moja. Mama alituzaa wawili tu, na mama mwenyewe ameshatangulia. Zaina ameolewa Misima, upande wa Handeni, kwenye familia ya wakulima wa mahindi na ufuta, watu wa kucheka na wa kelele, watu ambao ukiingia kwao kimya wanakuuliza unaumwa nini. Jana mtoto wake wa kwanza, Omari, alitimiza arobaini.

Kwetu mtoto akitimiza arobaini anatolewa nje kwa heshima zake. Mama yake anakuja naye hadi mlangoni na kusimama upande wa ndani, havuki. Nje anasimama mama mkubwa, yaani dada wa mama wa mtoto. Huyo ndiye anayempokea juu ya kizingiti, anamtoa juani, anamnyanyua watu wote wamwone, kisha anampitisha kwa wanawake wengine mmoja mmoja. Mama yetu aliwatoa watoto wote wa mdogo wake namna hiyo, na nakumbuka jinsi alivyokuwa anasimama pale mlangoni kama askari wa gwaride. Zaina ana dada mmoja tu. Kwa hiyo hapakuwa na swali la nani.

Nililijua hilo tangu siku aliponipigia simu kutoka wodini, sauti imekauka kwa kulia na kucheka, akaniambia, dada, umepata mtoto. Hakusema nimepata mtoto. Alisema umepata.

Wiki nzima iliyopita nilikuwa nafanya mazoezi humu chumbani, peke yangu, pazia limefungwa. Nilianza na mto wa kitandani. Nilikuwa nauweka juu ya meza, napitisha mikono chini yake, nausogeza kifuani, natembea nao hadi mlangoni. Mto ulikubali. Nikajipa moyo. Alhamisi nikachukua mfuko wa unga wa sembe, nikaufunga kwenye khanga ili uwe na umbo la kitu kinachobebwa. Niliufikisha nusu ya chumba. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kikanasa, bega la kushoto likaniuma maumivu yale ya kuziba pumzi, na kabla sijajua nini kimetokea mfuko ulikuwa chini umepasuka.

Nilibaki nimesimama nautazama unga. Halafu nikaanza kuuzoa taratibu kwa kijiko, kwa sababu ufagio nao una ubishi wake siku hizi.

Kwa hiyo jana nilipofika pale mlangoni nilikuwa tayari nimeshamwangusha mara moja.

Zaina alikuwa amependeza kupita maelezo. Mikono imepakwa hina, gauni jipya la kijani, uso umejaa kidogo. Wanawake walikuwa wamejipanga uani, vigelegele vimeshaanza. Akanyoosha mikono, Omari amelala ndani ya kitambaa cheupe, mdomo wazi. Na mimi mikono yangu ilikuwa ndani ya khanga, nimeifunga kifuani, vidole vya mkono mmoja vimeshika kiwiko cha mwingine. Nikaiambia itoke. Haikutoka. Nikarudi nyuma hatua moja.

Nikasema, "Mpeni shangazi yake."

Vigelegele vikakatika. Zaina hakuelewa kwanza, alibaki amenyoosha mikono hivyo hivyo, anatabasamu, akidhani labda natania. Shangazi mtu, wifi yake Mwajabu, aliniangalia mimi, akamwangalia Zaina, kisha akaja haraka kumpokea mtoto kama anayeokoa chungu kisimwagike. Vigelegele vikarudi, ila vilikuwa vya kujilazimisha. Mimi nikakaa pembeni kwenye mkeka, khanga imenibana mwilini saa sita mchana na jua lile la Handeni, na hakuna aliyeniuliza kama nina baridi.

Na si hilo tu. Nilikaa siku nzima kama mgeni. Wenzangu walikuwa wanachambua mchele, wanakuna nazi, wanamenya vitunguu na kutukanana kwa mapenzi, na mimi niliyekuwa dada mtu, mwenyeji kabisa, sikugusa hata kisu. Kisu nikishika siku hizi nakishika kama mtoto anayejifunza. Nilisogezewa sinia la mchele nikasema nina kichwa. Halafu mmoja wa mawifi akapaza sauti kutoka jikoni, chai ya mgonjwa iko wapi, jamani, ile isiyo na sukari. Ikaletwa chupa yangu peke yake, imewekwa alama ya kitambaa chekundu. Nilimshukuru. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilipoaga, Zaina alikuwa ndani ananyonyesha. Aliniitikia bila kuinua uso. Aliyenisindikiza barabarani alikuwa Bibi Halima, mdogo wake marehemu bibi yetu, mtu ambaye ametulea na hajawahi kutufokea. Tulitembea mpaka kituoni. Gari lilipoanza kuonekana kule mbele akanishika mkono, ule mbovu, akaubana bila kujua anauumiza.

"Mjukuu wangu," akasema, "Mungu hakukunyima wewe ili ampe Zaina."

Hapo ndipo nilipoelewa walichokiona wale wanawake wote. Hawakumwona mtu mwenye mkono mbovu. Walimwona mwanamke asiye na mtoto akimkataa mtoto wa mdogo wake mchana kweupe. Ningeweza kumjibu. Maneno hayakuwa mengi. Lakini gari lilikuwa limesimama, kondakta anapiga bodi, na mimi nikamwambia bibi asante, nikapanda.

Njia nzima hadi Korogwe niliangalia nje nikawa sioni kitu.

Sasa, kwa kuwa hapa hakuna anayenikatiza, niseme na lile lingine. Hawakukosea kabisa. Zaina aliponiambia ana mimba, nilimpongeza, nikakata simu, nikalia mpaka nikapaliwa. Niliwahi kuolewa, Mombo, na mwanamume mwenye duka pale barabarani ambapo mabasi yanasimama abiria wanunue chakula. Mimba yangu moja iliharibika. Wakwe walisema ni ile sukari, na kwamba mtu wa kuchomwa sindano kila siku hawezi kubeba kiumbe. Daktari aliwaambia wanawake wengi wenye kisukari wanazaa salama wakisimamiwa vizuri. Walimsikiliza kwa adabu na hawakumwamini. Mume wangu hakusema lolote, na huko kunyamaza kwake ndiko kulikonirudisha Korogwe.

Kwa hiyo wivu ulikuwepo. Nilikuwa nao kama watu wengine wanavyokuwa na mafua, nikautibu kimya kimya, ukapungua. Siku nilipoona picha ya kwanza ya Omari ulikuwa umeniisha. Nilimtaka yule mtoto mikononi mwangu kiasi kwamba nilikuwa nabeba mfuko wa unga chumbani.

Inauma kudhaniwa jambo ambalo umeshalimaliza mwenyewe.

Mkono ulianza mwaka jana, na wa kwanza kuugundua hawakuwa ndugu zangu wala mimi. Ni wanafunzi. Nafundisha hapa mjini, na nina kawaida ya kuanza kuandika juu kabisa ya ubao. Siku moja msichana wa dawati la nyuma akanyoosha kidole, akaomba kwa heshima zote niandike juu kidogo kwa sababu hawaoni. Nikageuka kuangalia. Maandishi yangu yalikuwa yameanzia katikati ya ubao. Sikujua kabisa. Mkono ulikuwa umeshuka kidogo kidogo wiki baada ya wiki, na mimi nikawa naufuata. Sasa naandika robo ya chini tu, na wale wa nyuma wanasimama kunakili. Wamenizoea. Watoto wana huruma ambayo hawaitangazi.

Baada ya hapo nikaanza kuyaona mengine. Sidiria naifungia mbele kisha naizungusha. Nywele nimezikata kabisa, nikawaambia walimu wenzangu nimechoka gharama za saluni, kumbe kichwa changu mwenyewe sikifikii. Nikisali, mikono haifiki masikioni, inaishia mabegani. Kwenye sijida viganja havilali, vinasimama kama vimekunjamana. Usiku nalala upande mmoja tu, na nikijisahau nikageukia kushoto naamka nimeuma shuka. Asubuhi vidole vinakuwa vigumu, na kimoja kinanasa kikiwa kimekunjwa, nikikilazimisha kinafyatuka kwa mlio. Kuvuta insulini kwenye bomba, kazi niliyoifanya tangu nikiwa darasa la sita hata kwenye giza, sasa naifanya nimeegemeza chupa kwenye kifua.

Dawa ya kuchua niliyopewa inatakiwa ipakwe nyuma ya bega. Nyuma ya bega langu hapafikiki na hakuna mwingine humu ndani. Kwa hiyo naipaka kwenye kitambaa, nakitandaza kitandani, halafu nakilalia. Nilipoivumbua njia hiyo nilicheka peke yangu, nikajisifu akili. Kisha nikaacha kucheka.

Hospitali nilikwenda, nisije nikasingiziwa uzembe. Dada wa fiziotherapia, binti mdogo mwenye sauti ya upole, aliniambia niweke viganja pamoja kama wanavyofanya Wakristo wakisali. Nikaviweka. Ncha za vidole ziligusana na vitako vya viganja vikagusana, ila katikati pakabaki uwazi, mwanga unapita. Nikabana kwa nguvu zote. Uwazi ukabaki pale pale. Akaniambia niache, nitajiumiza bure.

Alinieleza vizuri. Kwamba sukari ikikaa mwilini miaka mingi huwa inakakamaza kano na ngozi ya mikono, na kwamba bega linaweza kuganda, likawa halinyanyuki hata mtu mwingine akijaribu kulinyanyua. Kwamba mambo haya huwapata watu wenye kisukari kuliko wengine, na sisi tulioanza utotoni hasa. Bega mara nyingi huachia lenyewe, lakini taratibu, mwaka, miwili, wakati mwingine zaidi. Akanionyesha mazoezi ya kutambaza vidole ukutani. Daktari naye alisema ipo sindano ya begani, ila inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo ipangwe na nijipime zaidi. Nilimuuliza yule binti kama wengine wanakuja na tatizo hili. Akasema wengi wanadhani ni uchovu au wamelalia vibaya. Nilitamani kumwomba anioneshe hata mmoja wao. Natembea Korogwe nzima nikiangalia mikono ya watu.

Na sikumwambia mtu.

Mtu atauliza kwa nini. Nami nimejiuliza tangu jana. Nadhani ni hivi. Tangu utotoni mimi ni mgonjwa wetu. Harusini, msibani, Idi, nilikuwa na sahani yangu, chai yangu, kona yangu. Mama alikuwa anafunga sindano zangu kwenye leso ili watu wasizione, kwa sababu majirani walisema sukari ni ugonjwa wa wazee na mtoto akiupata kuna jambo. Zaina akiwa mdogo kabisa alipewa kazi ya kunichunga njiani tukitoka shule, ana pipi mfukoni ambazo haruhusiwi kuzila, za kunipa nikianza kutetemeka. Mdogo anamchunga mkubwa. Nilisoma, nikaajiriwa, nikapanga nyumba yangu, na jambo nililojivunia kuliko cheti chochote ni kwamba Zaina aliacha kuniuliza kila saa kama nimekula. Nilikuwa nimekuwa dada hatimaye. Sasa bega likaja na kutaka kunirudisha kwenye ile kona.

Basi kila alipopiga simu nikasema mimi mzima, niambie wewe.

Leo nimeamka nimepanga kusahihisha mitihani. Sikusahihisha hata karatasi moja. Kwenye kundi la familia kulikuwa na picha za jana. Omari kwa shangazi yake. Omari kwa Bibi Halima. Omari kwa majirani ambao hata majina yao siyajui. Watu wanaandika mashallah chini yake. Nikaandika mashallah, nikafuta. Nikaandika samahani kwa jana, nikafuta na hiyo. Niliona Zaina yupo hewani, kisha akatoka. Katika picha moja, nyuma kabisa, nipo mimi kwenye mkeka, nimejikunyata ndani ya khanga, uso umekaza. Kama ningekuwa simjui yule mwanamke, ningesema ana roho mbaya.

Mchana nilipika ugali, nikashindwa kuusonga ukaiva, nikala wali wa jana uliopoa. Redio ya jirani ilikuwa inapiga nyimbo za harusi. Kuna upweke wa kukosa watu na kuna huu wangu, wa kuwa na watu ambao umewafungia mlango halafu umekaa ndani unalalamika hawaji. Niliufikiria huo nikiwa naosha sahani moja na kijiko kimoja, nikakasirika sana, na nadhani hasira ndiyo iliyonipeleka kwenye simu.

Ilikuwa baada ya alasiri. Iliita hadi nikadhani hatapokea.

"Shikamoo dada," akasema. Sauti imenyooka, haina chumvi.

Nilikuwa nimepanga utangulizi. Sikuutumia. Nikamwambia kila kitu kwa mkupuo, kama mtu anayetapika. Bega, vidole, ubao, unga sakafuni. Nikamwambia nilijua nitamwangusha mwanawe mbele ya watu wote, ndiyo maana nilirudi nyuma, na kwamba nilipomsikia bibi barabarani nilitamani nirudi nikapige kelele uani kwao. Nikamwambia hata ule wivu wa mwanzo, kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilipomaliza nikawa nahema. Upande wa pili namsikia mtoto tu anakoroma kile kikoromo cha watoto wachanga.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikamwambia tangu kabla hajabeba mimba.

Nilisubiri aniambie pole. Pole haikuja.

"Wivu sikuufikiria hata mara moja," akasema. "Wao wamesema, mimi nimewaambia hawakujui. Nilifikiri umenikataa mimi. Kwamba umeshazoea maisha yako huko na hutaki tena kuhesabiwa na sisi."

Nikataka kujibu, akaendelea. Alisema ana hasira na mimi na haitaisha leo. Alisema wakati wa mimba alikuwa ananipigia usiku kulalamika miguu imevimba, mgongo unauma, mimi nikimtuliza, kumbe nami nimekaa huku siwezi hata kujipaka dawa. Alisema nimemfanya awe mtoto anayesimuliwa hadithi ili alale. Alikuwa analia sasa, na Omari naye akaamka akaanza, wakalia wote wawili sikioni mwangu. Nikasema nisamehe, akasema subiri kwanza, nimnyonyeshe huyu.

Hakukata simu. Aliiweka chini tu, kwenye godoro nadhani. Nikabaki nasikiliza. Mtoto akatulia. Nikasikia mlango, sauti ya mumewe akiuliza jambo, Zaina akimjibu kwa Kizigua kwamba anaongea na dada, atoke. Jua lilikuwa limeingia chumbani kwangu hadi miguuni. Sikusogea. Niliogopa nikisogea simu itakatika.

Aliporudi sauti yake ilikuwa ya kazi, ile ya Zaina anayepanga mambo.

Alisema jana Omari ametolewa na upande wa baba yake. Upande wetu bado haujamtoa. Alisema Jumamosi niende, na atawaita wale wale wanawake, wote, pamoja na bibi. Nikamwambia Zaina, mtoto hatolewi mara mbili. Akaniuliza ni wapi imeandikwa. Nikamwambia siwezi kusimama naye na kumnyanyua, bega haliendi hata usawa wa kidevu, halafu watu wataona.

"Ndiyo, wataona," akasema. "Hutasimama. Utakaa pale kizingitini, mimi nitamweka mapajani mwako."

Nikamuuliza lile swali ambalo nimelala nalo na kuamka nalo wiki nzima, lililonirudisha nyuma hatua moja jana. Nikamuuliza, na mkono ukiachia?

"Mkono wangu utakuwa chini ya wako, dada."

Kisha akasema nikapime sukari, maana nikilia sana huwa inayumba, na akakata kabla sijambishia. Nimekwenda nikapima. Alikuwa sahihi, ilikuwa imeanza kushuka. Nimekunywa chai yenye sukari, vijiko viwili vikubwa, nimekaa hapa sakafuni nayo hadi ikaisha.

Mkono unauma vile vile. Kwa yule binti wa fiziotherapia bado nina safari ndefu, na kesho asubuhi ubao utakuwa pale pale nami nitaandika chini pale pale. Hakuna kilichopona leo. Ila sasa kuna mtu mmoja Misima anayejua kwamba siwezi kufungua kifuniko cha chupa ya maji, na tangu jioni mwili wangu umekuwa mwepesi kwa namna ambayo siiamini bado.

Ninawafikiria wale wanawake uani, macho yao, na mimi nimekaa chini kizingitini nimetoa mikono nje ya khanga, ilivyo, imekunjamana. Sijui nitawaambia nini. Sijui kama naweza kulitamka neno nisaidieni mbele ya watu na sauti isikatike.

Naiogopa Jumamosi. Natamani ingekuwa kesho.